Mji wa Bukini Ambao Haukuwapo

Mji huo ulikuwa na matbaa. Katika yote yaliyosimuliwa juu ya Libertalia, hilo ndilo linalonichekesha kila nikilirudia. Watu ambao juzi tu walikuwa wakiparamia merikebu za wenzao na kubeba dhahabu, leo wameketi katika nyumba ya baraza iliyojengwa kwa mbao. Wanajadili sheria siku kumi mfululizo, wanaziandika katika daftari la dola, na kwa kuwa kwa bahati njema wamo miongoni mwao wapiga chapa na mafundi wa kusubu herufi, sheria zinachapwa na kugawiwa raia. Yote hayo yasemekana yalitokea kaskazini ya Bukini, miaka zaidi ya 300 iliyopita. Pwani yetu, pamoja na misikiti yake ya mawe na tenzi zake, ilisubiri matbaa hadi karne ya 19. Maharamia walitutangulia.

Ila mji wenyewe haukuwapo.

Bukini ndilo jina la zamani la Madagaska katika Kiswahili, na watu wake waliitwa Wabuki. Halikuwa jina la nchi ya mbali. Katika karne ya 17 vyombo vya Pate na Lamu vilishuka na kaskazi hadi bandari za kaskazini-magharibi ya kisiwa hicho, vikarudi na kusi vikiwa na mchele na watumwa. Unguja hadi leo ipo ngoma ya kibuki, na masheitani wake ni wageni wa heshima wanaotaka waletewe brandi. Mafia nako wazee walisimulia jinsi Wasakalava wa Bukini walivyovuka bahari mwanzoni mwa karne ya 19 wakauteketeza mji wa Kua, ambao magofu yake yangali yamesimama kisiwani Juani. Kwa hiyo Mswahili anaposikia habari za dola ya watu huru iliyojengwa Bukini na mabaharia wa Kizungu, ana haki ya kuuliza maswali ambayo msomaji wa London hakuyauliza.

Huko London ndiko mji ulikozaliwa. Mwaka 1724 kilitoka kitabu cha habari za maharamia, kikauzwa kama maandazi ya moto asubuhi, na mwaka 1728 kikafuatiwa na juzuu ya pili. Jina lililoandikwa juu yake ni Nahodha Charles Johnson, na nahodha wa jina hilo hajapata kuonekana. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kimarekani, John Robert Moore, alidai kwamba mwandishi ni Daniel Defoe, yule wa Robinson Crusoe. Dai hilo lilitawala kwa miongo mingi kabla ya wataalamu wengine kulikata miguu miaka ya 1980. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu watu walioishi kweli, wakakamatwa, wakahukumiwa na kunyongwa, na majalada ya kesi zao yapo. Katikati ya watu hao, mwanzoni mwa juzuu ya pili, ameketi Nahodha Misson, ambaye hana jalada, hana kesi, wala hana kaburi.

Hadithi yake inakwenda hivi. Misson ni kijana wa ukoo mzuri wa Provence anayeingia kazini katika manowari ya Kifaransa iitwayo Victoire. Akiwa Roma anakutana na padri aliyechoka na upadri, Caraccioli. Padri anavua joho, anapanda merikebuni, na usiku baada ya usiku anamfundisha rafiki yake kwamba binadamu wote wamezaliwa huru na kwamba wafalme wanaishi kwa jasho la wengine. Karibu na Martinique manowari inapigana na Waingereza. Maofisa wote wa Victoire wanakufa, na merikebu ya Waingereza inalipuka. Misson anachaguliwa nahodha. Serahangi anapendekeza bendera nyeusi, Caraccioli anakataa: sisi si maharamia, asema, sisi ni watu tulioamua kuwa huru. Wanatweka bendera nyeupe yenye sura ya Uhuru. Baadaye wanateka merikebu ya Kiholanzi iliyopakia watumwa, na Misson anawafungua pingu, anawavisha nguo za Waholanzi waliokufa, na kuwatawanya katika makundi ya mabaharia wajifunze Kifaransa.

Kutoka hapo wanazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia katika bahari yetu. Kituo chao ni kisiwa ambacho Waingereza walikiita Johanna, nasi tunakijua kwa jina la Nzwani. Mwandishi anamweka malkia pale, anayepigana na watu wa Mwali. Misson anamsaidia na kuoa dada yake, na Caraccioli anaoa binti wa kaka yake. Hapa hadithi ina mguu mmoja ardhini. Nzwani iliwahi kweli kutawaliwa na wanawake, na merikebu za Kiingereza zilizokwenda Bara Hindi zilizoea kutia nanga huko kuchukua maji, ndimu na ng'ombe. Jina la Johanna lilikuwa vinywani mwa mabaharia wengi wa Thames. Mtu hakuhitaji kuondoka kwenye baa ya London ili kulipata.

Hatimaye wanapata ghuba kaskazini ya Diego Suarez, ambayo sasa ni Antsiranana. Maji ni matamu, bandari inakinga upepo. Malkia wa Nzwani anawaazima watu 300 wa kusaidia ujenzi. Wanasimamisha ngome mbili mlangoni mwa bandari, wanapanga mizinga, wanakata miti, wanalima. Nchi wanaiita Libertalia na wao wenyewe wanajiita Liberi, ili majina ya Mfaransa, Mwingereza, Mholanzi na Mwafrika yazame humo.

Serikali inakuja baada ya ugomvi, jambo ambalo naliona la kweli kuliko yote katika simulizi hiyo. Nahodha Thomas Tew wa Rhode Island amejiunga nao na Waingereza wake, na punde watu wa Tew na watu wa Misson wanashikana mashati. Tew anataka wamalizane kwa panga. Caraccioli, ambaye sasa anatembea kwa mguu wa mti, anasema kwamba pasipo sheria mnyonge ataonewa daima. Basi watu wanajigawa kumi kumi, na kila kumi wanamteua mmoja wao kuwa wakili katika baraza. (Msomaji aliyekulia katika Tanzania ya TANU atamkumbuka balozi wake wa nyumba kumi, na atajua kwamba mtu wa kumi ndiye anayejua nani hakulala nyumbani jana.) Baraza linaamua kwamba hazina na ng'ombe vigawanywe sawa kwa sawa, na kwamba ardhi atakayoizungushia mtu ua iwe mali yake. Misson anachaguliwa Mhifadhi, kwa miaka mitatu, na fahari yote ya kifalme. Baraza litakutana angalau mara moja kila mwaka, na hakuna jambo kubwa litakalofanywa bila ridhaa yake. Tew anakuwa Amiri wa bahari na Caraccioli Katibu wa Dola. Wanachaguliwa washauri bila kutazama taifa wala rangi. Na lugha zao, asema mwandishi, zikaanza kuchanganyika hadi ikatokea moja kutoka kwa nyingi.

Sentensi hiyo ya lugha niliisoma mara mbili. Mwandishi anaiweka kama ajabu, kitu cha kutokea katika nchi ya ndoto tu. Siku chache za tanga kaskazini ya ghuba yake watu walikuwa wakiishi hivyo karne nyingi, wakiagizana mchele na kutukanana kwa maneno ya Kibantu, Kiarabu, Kiajemi na Kireno, bila mtu kudhani wanafanya mapinduzi.

Mengi katika katiba hiyo hayakubuniwa kutoka hewani. Maharamia halisi wa zama zile walikuwa na desturi zilizowashangaza mabaharia wa manowari. Walisaini masharti kabla ya safari. Nahodha walimchagua na walimwondoa, na amri yake ilikuwa kamili wakati wa kufukuza na kupigana tu. Mambo mengine yalikuwa mikononi mwa msaidizi aliyechaguliwa kusimamia mgao. Fungu la nahodha halikuzidi sana la baharia, na aliyepoteza mkono au mguu alilipwa kabla ya mgao kuanza. Mwandishi wa London alichukua desturi za merikebu akazipandisha pwani, akazijengea nyumba ya mbao. Alichosahau ni kwamba merikebu haina jirani.

Simulizi za mwanzo za miji ya pwani yetu huanza na jirani. Wa Kilwa wanasema Ali bin Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mtawala wa bara. Katika miji mingine mgeni anaozwa binti wa wenyeji, na vizazi vinahesabiwa kutoka hapo. Huenda si historia kamili, lakini waliozitunga walijua kwamba mji hauanzi bila mtu fulani kuulizwa, kulipwa au kuozeshwa. Lamu, ambako mitaa ya Zena na Suudi ilipokezana uongozi na wakubwa wakakutana katika jumba la baraza, Yumbe, utawala wote ulikuwa hesabu ya nani ni nani kwa nani. Libertalia haina mahari ya ardhi. Misson anatazama ghuba, inampendeza, anaanza kukata miti. Wenyeji wanatokea baadaye kidogo, wanapewa zawadi, wanaleta mifugo, kisha wanatoweka kurasani kama watumishi waliokwisha kuandaa meza.

Na kuna wale wasichana. Liberi wanateka merikebu kubwa ya mahujaji waendao Makka, yenye watu wapatao 1,600. Wengine wanaachwa waende zao, lakini wasichana 100, wa miaka 12 hadi 18, wanazuiwa kwa sababu mji una upungufu wa wanawake. Mwandishi analipita jambo hilo kwa haraka. Hakuna kumi yao iliyomteua wakili. Msomaji wa 1728 alijua picha hiyo ilitoka wapi, maana mwaka 1695 haramia Henry Every aliiteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya Mfalme Aurangzeb iliyokuwa ikirudisha mahujaji, na waliyotendewa wanawake waliokuwamo yalijulikana hadi London.

Mwisho wa mji unakuja kwa aya chache. Usiku wa manane wenyeji wanashuka kwa makundi mawili makubwa na kuua bila kuchagua. Caraccioli anakufa. Misson anaokoka na watu 45 na jahazi mbili ndogo, kisha jahazi yake inazama katika dhoruba na yeye ndani yake. Tew anarudi Marekani. Kwa nini wenyeji walishambulia? Bila kuchokozwa, asema mwandishi. Mtu aliyejaza kurasa kwa hotuba za padri juu ya haki za binadamu anafika kwenye jambo kubwa kuliko yote katika kisa chake, na hana sababu ya kulitolea.

Sababu ilikuwapo, nayo imeandikwa. Kusini zaidi, pwani ya mashariki, kipo kisiwa chembamba ambacho Wazungu walikiita Sainte-Marie na Wamalagasi wanakiita Nosy Boraha. Huko ndiko maharamia walikokaa kweli. Mwaka 1691 alijikita huko mtu aitwaye Adam Baldridge, akiwa wakala wa tajiri wa New York, Frederick Philipse. Hakuwa na baraza wala bendera ya Uhuru. Alikuwa na ghala, mizinga michache, na duka.

Baadaye, mwaka 1699, alitoa maelezo yake kwa kiapo huko New York, na maelezo hayo ni matamu kuliko katiba yoyote. Agosti 1693 merikebu ya Philipse ilimletea jozi 44 za viatu, dazeni sita za soksi, kofia 12, mapipa matano ya ramu, mvinyo wa Madeira, mitambo miwili mikuukuu ya kupikia pombe kali iliyojaa matundu, mawe mawili ya kunolea, misumeno, baruti, dazeni tatu za majembe, mbegu za bustani, vitabu vya katekisimu na vya kufundishia alfabeti, na Biblia mbili. Yeye alirudisha vipande 1,100 vya fedha, watumwa 34, ng'ombe 15 na vipande 57 vya chuma. Oktoba mwaka huohuo aliingia Thomas Tew, huyu wa kweli, akitoka Bahari ya Shamu na mali tele. Alisafisha merikebu yake, akaondoka Desemba. Miaka miwili baadaye, mwaka 1695, aliuawa akipigana na chombo cha Kihindi, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuwa Amiri wa bahari wa mtu yeyote.

Hapo kwenye orodha ya Baldridge ndipo historia inapojifunua. Katika Libertalia watumwa wanafunguliwa pingu, ilhali Nosy Boraha wanahesabiwa kati ya fedha na ng'ombe. Mwaka 1697 wenyeji wa kisiwa na wa pwani ya jirani waliinuka na kuua wageni wapatao 30. Baldridge, aliyekuwa safarini na hivyo akapona, alisema maharamia walikuwa wakiiba ng'ombe wa watu. Wengine walisema ni yeye mwenyewe aliyewaalika wenyeji merikebuni, wanaume, wanawake na watoto, akatweka tanga na kwenda kuwauza. Sijaona kwamba maelezo hayo mawili yanapingana. Lakini nadhani habari za maasi yale zilisafiri hadi London, na njiani ng'ombe na waliouzwa wakaanguka baharini, yakabaki mauaji peke yake.

Sasa tuwatazame waliobaki. Mabaharia wengi hawakuondoka, walioa. Mgeni aliyefika na sanduku la vitambaa na almasi zisizochongwa hakuwa na ukoo, na katika nchi ile mtu asiye na ukoo hana mahali pa kulala wala wa kumtetea. Mke alimpa vyote. Wamalagasi walikuwa na neno kwa wanawake hao, vadimbazaha, wake wa wageni. Ndio waliojua lugha, bei na watu. Bidhaa zilipita mikononi mwao, na miji ya bandari kama Foulpointe ilikua kuzunguka nyumba zao. David Graeber, mwanaanthropolojia aliyefariki mwaka 2020, aliandika kitabu kizima akidai kwamba hapo, katika mabaraza ya Wamalagasi na nyumba za wanawake hao, ndiko kulikokuwa na Libertalia halisi. Kuhusu wanawake nakubaliana naye. Kuhusu mengine nasita kidogo, kwani mtu anayeitafuta demokrasia kwa hamu kiasi hicho huiona hata mahali palipo na mfalme.

Maana mfalme alikuwapo. Ratsimilaho alizaliwa na Rahena, binti wa mkubwa wa huko, na haramia wa Kiingereza aliyekumbukwa kwa jina la Tom. Wengine wamedhani ni Tew. Miezi aliyokaa kisiwani inaruhusu, lakini Tom walikuwa wengi. Karibu mwaka 1712 watu wa kusini, Watsikoa, chini ya Ramanano, walikuwa wamezishika bandari za kaskazini ambako merikebu zilinunua mchele, ng'ombe na watu. Ratsimilaho, kijana wa miaka isiyofika 20, aliitisha kabary, baraza la wazi ambalo wakubwa wa koo huzungumza kwa zamu, kwa methali na kwa subira, hadi neno liive. Walikula kiapo pamoja, na udugu wa kuchanjiana, fatidra kwa Kimalagasi, ukafunga yale ambayo maneno hayafungi. Wakajiita Betsimisaraka, wengi wasiotengana. Adui zao, waliokimbia wakiwa wametapakaa tope, walipachikwa jina la Betanimena, wenye udongo mwekundu mwingi, na jina hilo likawaganda.

Dola hiyo haikuwa pepo. Iliuza watumwa, na wajukuu wake walikuja kupiga makasia hadi Komoro kuwinda watu. Watoto wa maharamia, zana-malata, waligeuka tabaka lenye majivuno yake. Lakini Ratsimilaho alitawala hadi karibu mwaka 1750, miaka mingi kuliko vipindi vyote ambavyo Misson angechaguliwa, na muda wote huo ilimbidi kuwauliza wakubwa wa koo. Habari zake zimetufikia kwa sababu mwaka 1806 Mfaransa mmoja, Nicolas Mayeur, mkalimani wa zamani wa pwani ile, aliandika aliyosikia kwa wazee. Matbaa hawakuwa nayo.

Mwaka huo wa 1750 Nosy Boraha ilikuwa mikononi mwa Bety, binti wa Ratsimilaho. Alikuwa amependana na askari wa Kifaransa, na kisiwa kilikuwa na bandari nzuri ambayo Wafaransa waliitamani siku nyingi. Ikaandikwa hati, akakikabidhi kisiwa kwa mfalme wa Ufaransa. Hati hiyo haikubuniwa London.